Mtoto wa Dodoma na saa ya bahari

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwishoni mwa Julai 2024, bahari imekuwa jirani wa Makao Makuu. Safari iliyokuwa ikila siku karibu nzima ndani ya basi sasa huchukua saa tatu na nusu hadi nne hivi. Familia ya Ipagala au Nkuhungu inaweza kunywa chai nyumbani asubuhi na kula chakula cha mchana huku inapigwa na upepo wa chumvi.

Ile ahadi ya miaka mingi, "mkifaulu tutaenda kuona bahari", imekuwa rahisi kutimiza. Lakini bahari ambayo watoto wengi wa bara huonyeshwa ni moja tu. Ni ufukwe mmoja wa Dar es Salaam, mchana mmoja, sahani ya chipsi, picha kadhaa za simu, kisha safari ya kurudi. Mtoto anarudi akiamini kuwa pwani ni mchanga, miavuli na msongamano wa watu. Mzazi naye, ambaye pengine amekulia Kongwa, Bahi au Kondoa, anarudi bila kujua kama siku ile ilikuwa salama au ilikuwa bahati tu.

Pwani ya Tanzania bara ina urefu wa takriban kilomita 800 kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Msumbiji. Hata kipande kifupi cha kutoka Kunduchi hadi Tanga kina vijiji visivyofanana kabisa. Kimoja kinaishi kwa soko la samaki, kingine kimezungukwa na wanyamapori, kingine kimekaa mdomoni mwa mto, kingine kimeachiwa makaburi ya kale na mikoko. Mzazi anayewapitisha watoto kijiji baada ya kijiji huwapa kitu ambacho bwawa la kuogelea la hoteli haliwezi kuwapa. Kabla ya kukata tiketi, hata hivyo, yapo maarifa ambayo kila mtoto wa pwani anayo na mtoto wa Dodoma hana: kujua saa ya bahari.

Maji yasiyotulia

Mtoto wa nyanda za kati anajua maji yanayokaa mahali. Kisima kina maji au hakina. Tanki limejaa au limekauka. Bwawa la Hombolo hupanda mvua zinaponyesha na kushuka polepole kwa miezi mingi ya kiangazi. Bahari hufanya kazi hiyo mara mbili kwa siku. Maji hujaa, hupwa, hujaa tena, hupwa tena, na kila siku ratiba hiyo huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Mwezi ndio unaoongoza. Mwezi ukiwa mpevu, na tena unapoandama, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kwenye pwani ya Tanzania tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hufikia mita tatu hadi nne, na mahali penye ufukwe tambarare bahari hurudi nyuma mamia ya mita. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu.

Kuna kanuni rahisi ambayo mzazi anaweza kuibeba kichwani. Siku za bamvua, kwenye pwani hii, maji huwa yamekupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa kabisa karibu na saa kumi jioni. Juma moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Saa kamili hutofautiana kidogo kati ya mahali na mahali, na mvuvi yeyote aliyekaa chini ya mti akishona nyavu anaijua ya kijiji chake.

Hilo linabadilisha mpango mzima wa siku. Familia inayotaka watoto watembee mchangani, watazame kaa wadogo kwenye vidimbwi na waone wanawake wakiokota kombe, ichague asubuhi ya bamvua. Inayotaka watoto waoge karibu bila kutembea mbali kwenye matope, ichague maji mafu.

Linabadilisha pia hatari. Asubuhi ya bamvua mtoto anaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye fungu la mchanga lililo mbali na ufukwe. Kwa kawaida fungu hilo limeinuka kuliko mkondo ulio kati yake na nchi kavu. Maji yanaporudi hayaanzi mbele ya mtoto. Huingia kwanza kwenye ule mkondo, nyuma yake. Yeye bado amesimama pakavu akicheza, na njia ya kurudi tayari imefika kifuani. Watoto wa kijiji hurudi mapema kwa sababu wamefundishwa hivyo. Mgeni hana wa kumfundisha isipokuwa mzazi wake.

Kunduchi: kijiji ndani ya jiji

Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu hakuhitaji safari nyingine ndefu. Barabara inapita kati ya nyumba za jiji, kisha ghafla kuna mashua zilizoegeshwa, vikapu vya dagaa na moshi wa samaki wanaokaangwa. Mtoto aliyezoea samaki mkavu wa Mtera anaona changu, kibua na pweza siku ileile waliyovuliwa, anaona bei ikibishaniwa, na anaelewa kwamba samaki ana wakati wake kama zabibu za Dodoma zilivyo na msimu wake.

Pembeni kuna magofu ya msikiti wa zamani na makaburi yenye nguzo, yaliyozungukwa na mibuyu. Baadhi ya makaburi yalipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China, zilizojengewa ukutani. Hapo mtoto wa darasa la tano anaweza kuulizwa swali moja tu: bakuli la China lilifikaje kwenye kaburi la Kunduchi karne nyingi kabla ya kuwapo kwa meli za injini? Jibu ni pepo mbili anazozisikia ufukweni: kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi na kuleta majahazi kutoka Uarabuni na India, na kusi, inayoyarudisha katikati ya mwaka.

Mkabala wa Kunduchi kipo kisiwa cha Mbudya, sehemu ya hifadhi za bahari za Dar es Salaam zilizotangazwa mwaka 1975. Maji yake ni safi kuliko ya fukwe za mjini. Kuvuka ni kwa boti, na mzazi ana haki ya kukataa kupanda mpaka kila mtoto avae jaketi okozi linalomtosha. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitano humponyoka kichwani akitumbukia majini.

Bagamoyo: mwisho wa njia iliyopita Ugogo

Bagamoyo iko umbali wa kilomita 70 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kwa mtoto wa Dodoma, hiki ndicho kituo chenye maana kubwa kuliko vyote, kwa sababu mji huu na nyumbani kwao vilikuwa ncha na katikati ya njia moja.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilitoka Tabora na Ujiji, ikapita Ugogo, ikashuka Mpwapwa na kumalizikia Bagamoyo. Kati ya Mpwapwa na Ugogo kulikuwa na nyika isiyo na maji, Marenga Mkali, ambayo wapagazi waliivuka kwa hofu. Wakifika Ugogo walikuta visima, na watemi wa Kigogo waliwatoza hongo ili wapite na wapate maji. Neno hilo leo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa mchana kweupe. Babu wa mababu wa mtoto wa Kigogo hakuwa mtazamaji wa historia hiyo. Alikuwa na maji, na mwenye maji ndiye aliyepanga bei.

Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliondoka eneo la Kaole, jirani na Bagamoyo, Juni 1857 na kufika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Novemba mwaka huohuo. Mtoto aliyeshuka kwenye treni jana anaweza kujipimia mwenyewe: miezi minne na zaidi kwa miguu, na Dodoma iko njiani.

Lipo jambo gumu zaidi ambalo mzazi hapaswi kuliruka. Misafara ile ilileta pia watu waliofungwa minyororo. Kwenye misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwapokea watu waliokombolewa utumwani, kuna makumbusho inayoeleza habari hizo. Ni hapo pia mwili wa David Livingstone ulipofikishwa Februari 1874 kabla ya kupelekwa Zanzibar na kisha Uingereza, baada ya kubebwa na wafuasi wake kutoka Zambia ya leo. Watoto wadogo wataangalia minyororo na kuuliza. Jibu fupi la kweli linawatosha: watu walichukuliwa kwa nguvu na kuuzwa, lilikuwa kosa kubwa, na wapo waliopigania likome. Maswali mengine yatakuja nyumbani, umri ukifika.

Watoto wakubwa watauliza kwa nini mji uliokuwa maarufu hivyo umebaki mdogo. Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, kwa kuwa bandari ya Bagamoyo haina kina na ile ya Dar es Salaam inacho. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, na biashara ikaifuata reli. Kambi moja ya reli hiyo, katikati ya nchi ya Wagogo, ikakua na kuwa mji wa Dodoma. Reli iliyoijenga Dodoma ndiyo iliyoipunguza Bagamoyo.

Kusini kidogo mwa mji ni Kaole. Kuna magofu ya misikiti, makaburi yenye nguzo na mbuyu mkubwa ambao wageni hupenda kuuzunguka. Zamani Kaole ilikuwa ufukweni. Baadaye mchanga na matope vilijaa, mikoko ikaota, na leo bahari iko mbali kidogo, nyuma ya mikoko hiyo. Mtoto anayefikiri mpaka wa bahari na nchi kavu ulichorwa mara moja tu, hapa anapata la kumfikirisha.

Kuna pia la kumchekesha. Mbuyu ule ni ndugu wa mibuyu anayoiona kando ya barabara ya Dodoma kwenda Mpwapwa. Na ubuyu mwekundu wa sukari anaoununua pwani kwenye vifuko ni mbegu za mti uleule ambao bibi yake huchuma majani yake kwa mboga.

Saadani: ufukwe wenye tembo

Kaskazini mwa mto Wami iko Saadani. Hifadhi ya Taifa ya Saadani ilitangazwa mwaka 2005 na ndiyo inayojulikana zaidi nchini kwa kukutanisha mbuga na Bahari ya Hindi. Ndani ya eneo hilo kuna kijiji cha Saadani chenye wavuvi, na jirani kuna mashamba ya chumvi ambako maji ya bahari huachwa yakauke juani. Mtoto aliyewahi kuona chumvi ya Bahi, inayopatikana kwenye udongo wa mbuga inayokauka, anaweza kulinganisha njia mbili za kupata kitu kimoja.

Uzuri wa Saadani ni kwamba nyayo za mchangani zinaweza kuwa za mbwa, za nyani au za tembo. Kasa wa kijani hutaga mayai kwenye fukwe za eneo hili. Kwa sababu hiyohiyo, huu si ufukwe wa kuwaachia watoto wakimbie. Kutembea ni pamoja na mhifadhi, na kwenye mto Wami kuna viboko na mamba. Watanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni, mradi waonyeshe vitambulisho, kwa hiyo vitambulisho visiachwe kabatini. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara za huku huwa ngumu. Familia yenye watoto wadogo isubiri kiangazi.

Pangani: mto unapokutana na bahari

Pangani ni mji mdogo wa nyumba za kale, uliokaa mahali mto Pangani unapomwaga maji yake baharini. Kwa miaka mingi kivuko ndicho kilichounganisha mji na upande wa Bweni, na kwa mtoto safari ile ya dakika chache, pamoja na baiskeli, mbuzi na magunia, hushinda mchezo wowote wa hoteli.

Hapa ndipo Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 na 1889, aliponyongwa Desemba 1889. Hapa pia, miaka michache baadaye, Wajerumani walipanda mkonge wa kwanza wa nchi hii, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kamba ya mkonge iliyofunga gunia la mahindi kule Kibaigwa ina asili yake kwenye mwambao huu.

Mdomo wa mto si mahali pa kuogea. Maji ya mto na ya bahari husukumana, hasa yanapokupwa, na mkondo wake humshinda hata mtu mzima anayejua kuogelea. Wa kuoga waende kusini, Ushongo, penye ufukwe mrefu wenye minazi na kijiji cha wavuvi.

Mkabala wa pwani hiyo kuna Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Miti ilikwisha mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo ni fungu la mchanga ambalo bahari hulifunika maji yakijaa. Kasa bado hupanda kutaga hapo, na wahifadhi wa kijijini huhamishia mayai Ushongo ili yasisombwe. Kaole bahari ilirudi nyuma. Maziwe bahari ilikula kisiwa. Mtoto aliyeona yote mawili ameona kile ambacho kitabu cha jiografia hukieleza kwa michoro.

Tongoni na Tanga

Kilomita chache kabla ya kufika Tanga, Tongoni ina makaburi mengi ya nguzo kuliko mahali pengine popote katika pwani ya Afrika Mashariki. Mengine yameanguka, mengine yamesimama kwa taabu. Kijiji kinaendelea na maisha yake pembeni, na mlinzi wa eneo huwaeleza wageni wanaouliza kwa adabu.

Tanga yenyewe inafaa kumalizia. Kwenye vilindi vya bahari yake huishi silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka pamoja na dainosaria mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa kwenye nyavu za kina kirefu katika miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Kutoka Tanga, basi la kurudi Dodoma hupita Segera, Chalinze na Morogoro.

Macho yasiyohama

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka duniani, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa chake kiko majini, mikono inasukuma maji chini, na anayeangalia kwa mbali hudhani anacheza.

Kwa hiyo familia ya bara ipange zamu kabla ya kuvua viatu. Mtu mzima mmoja, asiyeshika simu na asiyepiga picha, anasimama ndani ya maji, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtoto mdogo. Akichoka anamkabidhi mwenzake kwa kumtaja jina, asije kila mmoja akadhani mwingine anaangalia. Kumwachia dada wa miaka kumi wadogo zake watatu, kama inavyofanyika nyumbani, baharini hakufai.

Mipira ya matairi inavutia, lakini upepo unaovuma kutoka nchi kavu, kama wa alfajiri na asubuhi mapema, huisukuma kuelekea kilindini haraka kuliko mzazi anavyoweza kuogelea. Na mtoto mkubwa afundishwe mapema: mkondo ukikuvuta, usishindane nao kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono, piga kelele, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke ndani yake.

Yeboyebo za plastiki zinasaidia kuliko ndala, kwa kuwa hazivuki mguuni. Kwenye miamba kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi kama ya nungunungu, na mwiba uliozama mguuni upelekwe zahanati badala ya kuchokonolewa kwa pini.

Jambo jingine halionekani ufukweni. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, na mikoa ya Pwani na Tanga ina malaria zaidi. Watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Dalili za malaria kwa kawaida huonekana siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, yaani wakati masanduku yameshafunguliwa na shule zimefunguliwa. Mtoto akipata homa baada ya safari, jambo la kwanza la kumwambia daktari ni kwamba alikuwa pwani.

Ugeni wenye adabu

Mtoto aliyezoea "mbukwa" ya Kigogo atakuta pwani salamu zina nafasi kubwa vilevile. Shikamoo kwa kila mzee, hodi kabla ya kuingia uani, na salamu ziishe kabla ya kuuliza bei. Nguo ya kuogelea inabaki ufukweni. Ukiingia kijijini, kanga au suruali. Mwanamke anayeokota kombe yuko kazini, kwa hiyo aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Na magamba ya kasa hayanunuliwi hata yakiuzwa kwa bei ya chini, kwa kuwa kasa analindwa kisheria.

Kuhusu chakula, mtoto ambaye hajawahi kula pweza au kamba aanze kwa kidogo na kuangaliwa, kwa sababu wapo ambao miili yao hukataa. Wali wa nazi, vitumbua na dafu havina ugomvi na mtu.

Safari mbili badala ya moja

Kuzunguka njia hii yote kwa likizo moja ni ghali na kunachosha watoto. Familia nyingi zitafaidika kuigawa. Safari ya kwanza iwe ya siku nne: treni, Kunduchi, Bagamoyo na Kaole. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Dodoma na Dar es Salaam iliyotangazwa na LATRA mwaka 2024 ilikuwa Sh31,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka minne hadi 12, na bure kwa aliye chini ya hapo. Mzazi ahakikishe bei ya sasa anapokata tiketi. Daladala za Bagamoyo hupatikana Makumbusho. Safari ya pili, mwaka unaofuata, iwe ya Saadani, Pangani na Tanga.

Katikati ya safari hizo mbili, na hata kwa familia ambayo fedha bado haijatosha, kuna kazi isiyo na gharama. Mtoto apewe daftari na atazame mwezi kutoka uani kwao. Ukiwa mpevu aandike: leo Kunduchi maji yamekupwa saa nne asubuhi. Ukiwa nusu aandike kinyume chake. Afanye hivyo miezi miwili, mitatu.

Siku atakaposimama tena ufukweni, kabla ya kuvua viatu, atamfuata mvuvi, atampa shikamoo na kumuuliza maji yanajaa saa ngapi. Mzazi atakayesikia swali hilo anaweza kutandika kanga yake mchangani akiwa na wasiwasi mdogo kidogo, macho yakiwa bado kwa mtoto.